Upanga Uliorudishwa Alani

Barabara itokayo Kasese kwenda Bwera huiacha milima ya Rwenzori upande wa kulia na mbuga ya Queen Elizabeth upande wa kushoto, mpaka ifike Mpondwe, ambako mto Lhubiriha huigawa Uganda na Kongo. Askari waliowahi kupangiwa kazi huko wanaijua vyema. Jamaa zao vile vile wanaijua, maana wengi wamepokea kutoka huko fedha za matumizi, salamu na, mara nyingine, habari za msiba. Ni nchi ya kahawa na pamba, ya samaki wa maziwani na chumvi ya Katwe. Tena ni nchi ambayo kwa muda wa zaidi ya miaka 100 imekuwa ikiulizwa swali moja: mtu aliyeshindwa katika siasa afanye nini kesho yake asubuhi?

Swali hilo halikai katika mabaraza tu, bali huingia majumbani. Baba ambaye mtu wake ameanguka katika uchaguzi hurejea nyumbani kimya. Mama akimwuliza habari za ada ya shule hujibiwa kwa ukali. Na watoto, ambao hawakupiga kura yo yote, ndio wanaolipa deni la uchaguzi. Katika kambi za askari mambo huwa mazito zaidi. Sheria humkataza askari kuwa mwanasiasa, lakini haikumnyima ndugu, mashemeji na wakwe walio wanasiasa. Kijana wa Bwera aliyevaa sare ana damu yake upande ule na wajibu wake upande huu. Kwa ajili ya watu wa namna hiyo inafaa kutazama fundisho moja la mbali, huruma kama wanavyoifundisha Wabuddha, na kulipima kwa mambo yaliyotokea hapa hapa Kasese.

Historia yenyewe si fupi. Mwaka 1900 Waingereza walitia sahihi mkataba na ufalme wa Toro, na Wakonzo na Waamba wa mlimani wakajikuta chini ya Toro pasipo kuulizwa. Baadhi yao wakainuka mwaka 1919. Viongozi wao watatu, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, walinyongwa mwaka 1921, na kumbukumbu yao imefungamana na Kagando, mahali ambapo leo watu huenda kutibiwa, kwa kuwa pana hospitali.

Kushindwa kwa pili kulikuja bila ya kamba wala risasi. Mwaka 1962, Uganda ikijiandaa kupokea uhuru, wajumbe wa Wakonzo na Waamba katika Rukurato, yaani baraza la Toro, waliomba watajwe katika katiba ya ufalme kuwa ni watu sawa na Watoro. Wakakataliwa. Wakatoka barazani, wakiongozwa na mwalimu Isaya Mukirane pamoja na Yeremia Kawamara na Peter Mupalya. Wakaomba wilaya yao wenyewe, nayo wakanyimwa. Juni 30, 1962, zaidi ya miezi mitatu kabla bendera ya Uganda haijapandishwa, Rwenzururu ilitangazwa kuwa nchi ya peke yake, na Mukirane akaifanya milima kuwa makao yake.

Msomaji na aangalie vizuri mwanzo wa jambo hili. Ombi la kwanza halikuwa la ardhi, wala silaha, wala kiti cha enzi. Watu waliomba kutajwa. Waliponyimwa neno, wakadai wilaya. Waliponyimwa wilaya, wakadai nchi. Mwenye watoto nyumbani ameiona njia hiyo mara nyingi, ijapokuwa kwa kipimo kidogo: mtoto asiyesikilizwa akisema kwa sauti ndogo huongeza sauti, na mzazi humpiga kwa kelele, akasahau kwamba ombi la kwanza lilikuwa ni maji ya kunywa.

Mukirane alifariki mwaka 1966 akiwa huko huko mlimani. Aliyerithi kiti chake ni mwanawe, Charles Wesley Mumbere, ambaye bado alikuwa kijana wa umri wa kwenda shule. Hapo ndipo hadithi ya Rwenzururu inapofanana na hadithi moja ya kale ya Bara Hindi, iliyohifadhiwa katika vitabu vya kanuni za watawa wa Kibuddha.

Inasimuliwa kwamba watawa wa mji wa Kosambi waligombana vikali, na Buddha, ili awapatanishe, akawahadithia habari za mfalme Dighiti wa Kosala. Mfalme huyo alikuwa na jeshi dogo na hazina ndogo. Jirani yake Brahmadatta, mfalme wa Kasi, mwenye jeshi kubwa, alimvamia akamnyang'anya nchi. Dighiti na mkewe wakakimbia, wakajificha katika nyumba ya mfinyanzi ndani ya mji ule ule wa adui yao, na huko wakazaa mtoto, Dighavu. Mtoto alipokua walimpeleka kuishi nje ya mji, wasije wakakamatwa wote. Baadaye kinyozi wao wa zamani akawasaliti. Wazazi wale walipitishwa barabarani wamefungwa kamba, wakipelekwa kuuawa, na Dighavu akawaona katikati ya umati wa watu. Baba yake, asiweze kumwita kwa jina, akasema kwa sauti maneno yaliyowafanya watu wadhani kwamba ameingiwa na wazimu: alimwusia asitazame mbali mno wala karibu mno, na kwamba uadui haujapata kutulizwa kwa uadui mwingine.

Usiku ule kijana akawalevya walinzi, akaichoma miili ya wazazi wake kwa heshima kama ilivyo desturi ya huko, kisha akaondoka. Miaka ikapita. Akaja kuajiriwa katika zizi la tembo wa mfalme, akawa akiamka alfajiri akiimba na kupiga zeze, hata mfalme akaisikia sauti yake, akampenda, akamfanya mtumishi wake wa karibu. Siku moja ya mawindo Dighavu aliliendesha gari la mfalme mbali na askari wengine. Mfalme akachoka, akalala usingizi, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja ya kijana yule. Dighavu akauchomoa upanga, akayakumbuka maneno ya baba yake, akaurudisha alani. Akauchomoa mara ya pili na ya tatu, na kila mara akaurudisha. Mfalme akagutuka kwa ndoto mbaya, na Dighavu akajitambulisha kuwa ni nani. Pale pale wakapeana uhai, kila mmoja akimwomba mwenzake asimwue. Brahmadatta akamrudishia nchi ya baba yake, majeshi na hazina, akamwoza na binti yake.

Wengi huisikia hadithi hii wakashika mwisho wake tu, nchi kurudishwa na arusi kufanyika. Lakini kwa askari, jambo lenye maana ni ule upanga uliochomolewa mara tatu. Dighavu hakuwa mtu asiye na hasira. Alikuwa na hasira, na upanga, na nafasi, wala hapakuwa na shahidi. Baadaye alimweleza mfalme hesabu aliyoipiga: kama angaliua, wapenzi wa mfalme wangalimwua yeye, na wapenzi wake yeye wangaliwaua hao, na hesabu isingalifungwa. Huruma hapa imesimama pamoja na akili ya mtu aliyejua vita ni nini. Hata maneno ya baba yake aliyafafanua hivyo: kutotazama mbali ni kutouweka uadui muda mrefu, na kutotazama karibu ni kutofanya haraka ya kuvunja urafiki.

Hapana anayedai kwamba Wakonzo wa mlimani walijifunza mambo haya kwa Wabuddha. Hata hivyo mwezi wa Agosti 1982, baada ya mazungumzo na serikali ya Milton Obote, Mumbere aliteremka kutoka mlimani na watu wake, wakakabidhi silaha. Miaka 20 ilikuwa imepita. Waliacha dai la nchi ya peke yake, wakaahidiwa nafasi katika utawala, na misaada ya masomo na ya maendeleo. Inafaa ikumbukwe pia kwamba wilaya iliyoombwa mwaka 1962 ilikuwa imekwisha kupatikana mwaka 1974, Idi Amin alipoigawa Toro. Kilichomwagiwa damu kwa miaka 12 kilitolewa kwa kalamu ya siku moja. Ni vigumu kuisoma habari hiyo bila ya kuwafikiria vijana waliozikwa mlimani, wa pande zote.

Mtu aliyefanya kazi kubwa kuyafanikisha mazungumzo ya 1982 ni Amon Bazira. Naye habari yake ni funzo la upande wa pili. Serikali ilipobadilika, Bazira alirudi katika upinzani, na mwaka 1988 akaanzisha kundi la silaha lililoitwa NALU. Aliuawa Kenya mwaka 1993. Mabaki ya kundi lake yakaungana na waasi wa ADF, na Novemba 1996 ADF wakavuka mpaka wakaivamia Mpondwe. Upanga mmoja uliochomolewa tena ukawa umekwenda mbali kuliko mkono uliouchomoa.

Mumbere mwenyewe alipelekwa Marekani mwaka 1984 kwa masomo. Serikali iliyomsomesha ilipinduliwa mwaka 1985, na msaada ukakatika. Mfalme wa mlimani akajifunza kazi ya usaidizi wa wauguzi, akaifanya kwa miaka mingi katika nyumba za kutunzia wazee katika majimbo ya Maryland na Pennsylvania. Ni kazi ya kuwaosha wazee, kuwageuza kitandani, kuwalisha na kuwabadilishia shuka. Kuna waliocheka habari hii ilipojulikana. Kicheko hicho hakina maana. Mke wa askari aliyemwuguza mama mkwe kwa miezi mingi anajua kwamba hakuna kazi inayomfunza mtu zaidi juu ya mwili wa binadamu ulivyo dhaifu, uwe wa mshindi au wa mshindwa. Serikali ya Uganda iliutambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009, na Oktoba mwaka huo akatawazwa Kasese.

Laiti mambo yangekomea hapo. Novemba 26 na 27, 2016, baada ya miezi ya fujo zilizofuatia uchaguzi wa mwaka huo, mapigano yalizuka Kasese baina ya vikosi vya serikali na walinzi wa mfalme, na kasri likashambuliwa. Walikufa watu zaidi ya 100. Miongoni mwao walikuwamo askari polisi wasiopungua 14. Mfalme na watu wake wengi walikamatwa na kushitakiwa, na alipopewa dhamana mwaka 2017 hakuruhusiwa kurudi kwao. Habari za siku zile mbili zimesimuliwa kwa namna nyingi zisizolingana, na wenye kudai uchunguzi kamili hawajanyamaza. Lakini mjane ni mjane. Yuko mama aliyeletewa sare ya mumewe, na yuko mama ambaye hakuletewa kitu.

Hapa ndipo fundisho la Wabuddha linapotakiwa kupimwa kwa ukali, kwa sababu ni rahisi kuhubiri huruma mahali ambapo hapakufa mtu. Wabuddha hutaja hali nne za moyo zinazofaa kulelewa. Ya kwanza ni metta, kumtakia mwenzio heri. Ya pili ni karuna, huruma ya kutaka maumivu yake yaondoke. Ya tatu ni mudita, kuifurahia neema iliyompata mwingine, nayo bila shaka ndiyo ngumu kuliko zote kwa mtu aliyeshindwa uchaguzi jana. Ya nne ni upekkha, utulivu wa moyo usioyumbishwa na kupata wala kukosa. Hawasemi kwamba huja zenyewe. Huzifanyia mazoezi, kama askari anavyofanya gwaride. Mtu huketi kimya akaanza kwa kujitakia heri yeye mwenyewe, kisha rafiki yake, kisha mtu asiyempenda wala kumchukia, kwa mfano mwuza duka, na mwishowe tu ndipo amfikie adui. Anayeanza kwa adui hushindwa siku ya kwanza. Jambo hili ni la busara, na viongozi wengi wanaotangaza maridhiano kwa mkutano mmoja wa hadhara wangefaidika kulijua.

Wala halimtaki mtu abadili dini. Mkristo wa Bwera na Mwislamu wa Kasese wameamrishwa huruma na dini zao wenyewe. Ubuddha nao si mgeni kabisa hapa nchini: mtawa Buddharakkhita, mzaliwa wa Uganda aliyeikuta dini hiyo alipokuwa mwanafunzi nchini India, alianzisha kituo cha Wabuddha Entebbe mwaka 2005. Tena, ili haki itendeke, lazima isemwe kwamba jina la Buddha halikuwazuia watu wote kuua. Sri Lanka ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1983 hadi 2009, na mwaka 2017 mamia ya maelfu ya Warohingya walifukuzwa Myanmar. Fundisho likikaa kitabuni haliokoi mtu.

Mtawa mmoja aliyekataa likae kitabuni ni Thich Nhat Hanh wa Vietnam. Katika miaka ya 1960, nchi yake ikiwa vitani, aliwakusanya vijana katika shule ya huduma za jamii. Hawakuchukua upande wo wote wa vita. Walikwenda vijijini kujenga shule na zahanati na kuwasaidia waliokimbia makwao. Kijiji cha Tra Loc kilipopigwa mabomu walikijenga upya. Kikapigwa tena, wakakijenga tena, na baada ya hapo tena na tena. Pande zote mbili ziliwashuku. Yeye mwenyewe alikaa uhamishoni karibu miaka 40, akafariki katika mji wa Hue Januari 2022.

Kwa wasomaji wenye sare, sehemu ya maisha yake iliyo ya maana zaidi ni ya baadaye. Aliwaita askari wa Marekani waliopigana katika nchi yake, watu ambao huenda ndio waliovichoma vijiji vile, wakae naye na kuyasema waliyoyatenda. Na mwaka 2003, katika jimbo la Wisconsin, aliendesha mafunzo ya siku kadhaa kwa askari polisi na wenzao wa kazi za namna hiyo. Polisi mmoja mwanamke, Cheri Maples, alikuwa na shaka kama mtu abebaye bunduki kila siku anaweza kuifuata njia ya kutodhuru. Jibu alilopata halikumwambia aache kazi. Alielezwa kwamba silaha ni heri iwe mikononi mwa mtu mwenye uangalifu na huruma kuliko kwa asiye navyo. Baadaye alisimulia jinsi alivyoitwa kwenye ugomvi wa mume na mke waliotengana, akamkuta mwanaume mkubwa mwenye hasira. Zamani angalimtia pingu na kumaliza. Siku ile alimsikiliza, na yule bwana akalia.

Bila shaka yako mambo ambayo hayamalizwi kwa kusikiliza. Usiku wa Juni 16, 2023 waasi wa ADF walivuka tena mpaka, wakaishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, na kuwateka wengine. Mlinzi wa mpaka anayeacha lango wazi kwa jina la huruma amewanyima huruma watoto waliolala bwenini. Kinachoombwa kwake ni kingine: baada ya shambulio asimtazame kila kijana wa Kikonzo kana kwamba ndiye aliyekuja usiku ule. Waliozikwa ni watoto wa huko huko.

Siku tatu kabla ya shambulio hilo, Juni 13, mashtaka dhidi ya Mumbere yalikuwa yameondolewa mahakamani. Oktoba mwaka huo akarudi Kasese, karibu miaka saba tangu achukuliwe.

Na kazi zisizotangazwa ziliendelea muda wote. Juni 2019, mtoto wa miaka mitano aliletwa kutoka Kongo akiwa na ugonjwa wa Ebola. Aliuguzwa katika hospitali ya Bwera mpaka akafa, na wafanyakazi wa afya walijua vizuri hatari waliyoikaribia. Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika kama ulivyofurika mwaka 2013, ukaiharibu hospitali ya Kilembe na kuyaacha maelfu ya watu bila ya makao. Mafuriko yalibomoa nyumba za walioshinda uchaguzi pamoja na za walioshindwa, na majembe ya kuondolea matope yakaazimwa bila ya kuulizana vyama.

Mama wa nyumbani anayetaka kuanza hana haja ya kungoja tume. Katika darasa moja la Kasese, mtoto wa askari aliyehamishiwa huko anaweza kuwa ameketi karibu na mtoto ambaye baba yake hakurudi mwaka 2016. Watoto hao huulizana mambo ambayo wakubwa hawathubutu kuulizana. Anaporudi nyumbani akasema, "Mama, rafiki yangu anasema baba yake aliuawa na watu kama baba," jibu linalotolewa jikoni wakati ule, mbele ya sufuria ya maharage, ndilo atakalorudi nalo shuleni kesho. Mama anaweza kumkatiza kwamba hayo ni maneno ya siasa asiyarudie. Anaweza pia kuzima jiko, akaketi, akamwuliza jina la huyo rafiki yake, na kama huwa anakuja shuleni na chakula.

Baba yake, akirudi zamu, naye ataulizwa.